Seli za sola za perovskaiti kwa njia ya mvuke: mwongozo kamili kwa maabara ya Mombasa

Perovskaiti ya seli za sola huzaliwa chumvi mbili zinapokutana: iodidi ya risasi (PbI2), ambayo ni ya manjano, na iodidi ya oganiki, ambayo ni nyeupe. Zikiungana kwa kipimo sahihi hutoa utando mweusi wa nusu maikromita, na unene huo mdogo unatosha kunyonya karibu mwanga wote unaoonekana. Maabara nyingi huyeyusha chumvi hizo kwenye kiyeyusho kikali, kisha hudondosha mchanganyiko juu ya kioo kinachozunguka kwa kasi. Hapa tunafuata njia ya kuvukiza ndani ya ombwe, yaani chemba iliyoondolewa hewa. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake nchini Japani walipata ufanisi wa asilimia 3.8 kwa seli za kwanza za aina hii. Kufikia 2013 Mingzhen Liu, Michael Johnston na Henry Snaith wa Oxford walikuwa wamevuka asilimia 15 kwa utando uliowekwa kwa mvuke.

Kwa mtu wa Mombasa mvuke una faida ya ziada. Hewa ya kisiwani hubeba unyevu wa asilimia 70 hadi 85 siku nyingi za mwaka, na utando unaokauka wazi katika hewa hiyo hutoka na matundu. Ndani ya ombwe hakuna unyevu wa kukusumbua. Unyevu hurudi kila unapofungua mlango, na ndiyo maana hatua zote za hapa chini zimepangwa kwa kuangalia mlango unafunguliwa lini na kwa muda gani.

Njia tunayoipendekeza

Wengi wanaoanza hutaka kuvukiza chumvi zote kwa pamoja katika chemba moja. Usianze hivyo. Metali na PbI2 husafiri kwa mstari ulionyooka kutoka kikombeni hadi kwenye kioo, lakini chumvi za oganiki hujaza chemba nzima, hugonga kuta na kurudi, hushika sehemu moja na kukataa nyingine, kisha huingia kwenye pampu. Kristali ya kwatsi inayopima unene haiwezi kuzipima kwa uaminifu. Tena zikishaichafua chemba, kila kazi inayofuata hubeba mabaki ya kazi iliyopita.

Gawa kazi mara mbili. Kwenye mashine ya kuvukiza, weka PbI2 pamoja na seziamu iodidi kidogo (CsI). Kisha hamisha vioo kwenye tanuri la bomba, ambako mvuke wa fomamidini iodidi (FAI) utaigeuza manjano kuwa nyeusi. Uchafu wa oganiki unabaki ndani ya bomba la kioo linaloweza kuoshwa, na chemba ya gharama kubwa inabaki safi.

Tunatumia fomamidini badala ya methilamonia kwa sababu methilamonia hutoroka kwenye utando unaokaa muda mrefu kwenye joto la nyuzi 85 hivi, na paneli iliyo juu ya bati la Changamwe haiko mbali sana na joto hilo saa saba mchana. Fomamidini peke yake nayo ina tabia ya kurudi kuwa ya manjano inapopata unyevu. Asilimia 10 ya seziamu huizuia.

Muundo wa seli, kuanzia chini, ni huu: kioo chenye ITO (oksidi ya indiamu na bati, inayopitisha mwanga na umeme), tabaka la molekuli moja la MeO-2PACz linalopokea chaji chanya, perovskaiti yenye unene wa takriban nanomita (nm) 500, C60 (molekuli za kaboni zinazopokea chaji hasi) nm 25, bathokuproini (BCP) nm 7, na madini ya fedha nm 100.

Vifaa

Mashine ya kuvukiza iwe na pampu ya turbo inayoshusha shinikizo hadi chini ya 5×10⁻⁶ mbar, vyanzo vitatu vya joto au zaidi, angalau viwili vikiwa na vidhibiti vinavyojitegemea, shata (kifuniko kinachofunguka na kufunga njia ya mvuke) juu ya kila chanzo, kishikio kinachozunguka, na kristali mbili za kwatsi: moja inayoona PbI2 peke yake na nyingine inayoona CsI peke yake. Hesabu zetu zinachukulia umbali wa sm 25 kati ya chanzo na kioo.

Tanuri la bomba liwe na kanda mbili za joto. Bomba la borosilikati lenye kipenyo cha sm 5 linatosha kwa kuwa hatuvuki nyuzi 200. Kwa hatua hii huhitaji pampu ya bei kubwa: pampu ya hatua mbili wanayotumia mafundi wa friji na easi inafaa, mradi kati yake na bomba uweke mtego baridi wa kunasa FAI na iodini, na mafuta yake yabadilishwe mara tu yanapogeuka rangi. Pampu hiyo haifai kabisa peke yake kwa mashine ya kuvukiza.

Kemikali: PbI2 ya usafi wa 99.99% au zaidi, CsI 99.9% au zaidi, FAI kavu kutoka chupa ndogo, C60, BCP, na fedha ya 99.99%. Agiza FAI kwa gramu tano tano hata kama bei ya chupa kubwa inavutia. Chupa ikifunguliwa mara ishirini katika hewa ya Pwani, unachovukiza mwishoni ni FAI na maji. Utahitaji pia nitrojeni ya 99.999%, vioo vya ITO vya sm 2.5 kwa 2.5 vilivyokwisha kuchongwa mistari (omu 10 hadi 15 kwa mraba), na maski za chuma cha pua za mm 0.2 zilizokatwa kwa leza, yaani bamba zenye matundu yanayoamua fedha itue wapi.

Na UPS, yaani betri ya akiba. Stima ikipotea katikati ya kazi, pampu ya mafuta husimama na ombwe huweza kuvuta mafuta yake kurudi nyuma. Funga vali ya sumaku inayojifunga yenyewe umeme unapokatika, kisha UPS ibebe vali, vidhibiti na pampu kwa dakika kumi na tano angalau. Vyanzo vya joto usivihesabu kwenye UPS, acha vipoe.

Chumba na hewa yake

Easi ya kawaida itashusha unyevu hadi asilimia 50 au 60. Kwa kuosha vioo inatosha. Kwa perovskaiti tupu haitoshi. Panga sanduku la glavu (sanduku lililofungwa, unalofanyia kazi kwa glavu zilizoshikizwa ukutani mwake) la bei nafuu, hata la akriliki, linalopitishiwa nitrojeni mfululizo na lenye trei ya zeolaiti ya kunyonya unyevu ndani. Huhitaji viwango vya kiwandani, ila unyevu ukae chini ya asilimia 10.

Kuna kosa moja ambalo miongozo iliyoandikwa katika nchi za baridi haitalitaja. Chemba nyingi hupozwa kwa maji ya nyuzi 15 hadi 20. Hewa ya Mombasa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 huanza kufanya umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26. Ukifungua mlango maji baridi yakiwa bado yanazunguka, kuta za ndani zinatoka jasho mbele yako, na kazi inayofuata utaanza kwa saa kadhaa za kusubiri maji hayo yavutwe. Zima maji ya baridi mapema, acha kuta zifike nyuzi 30 au zaidi, ingiza nitrojeni, ndipo ufungue. Kila kinachoingia ndani kiwe kimeshapangwa mezani. Mlango usikae wazi zaidi ya dakika tano.

Miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, ndiyo rahisi zaidi kwa kazi hii. Wakati wa masika ongeza muda wa kuvuta ombwe na usipunguze hatua yoyote ya kukausha. Madirisha yafungwe misimu yote, kwa sababu upepo wa bahari huleta chembe za chumvi zinazoacha matundu kwenye utando na kula nyaya.

Hatua ya kwanza: vioo

Osha vioo kwenye beseni la mawimbi ya sauti, dakika 15 kila mara: maji yenye sabuni ya maabara, maji yaliyochujwa ioni, asetoni, isopropanoli. Kausha kwa nitrojeni. Vipitishe kwenye taa ya ozoni dakika 15 hadi 20, na kutoka hapo usikawie, kwa sababu uso ulioamshwa huchafuka haraka.

Yeyusha mg 3.4 za MeO-2PACz katika ml 10 za ethanoli kavu. Zamisha vioo dakika 15, suuza kwa ethanoli safi, kausha, kisha viweke kwenye sahani ya nyuzi 100 kwa dakika 10. Tabaka hili halionekani kwa macho. Ukiona alama au ukungu, suuza tena.

Hatua ya pili: PbI2 na CsI

Unene wa PbI2 ndio unaoamua kila kitu kinachofuata. FAI ikiingia, utando huvimba takriban mara mbili, kwa hiyo nm 250 za PbI2 hutoa perovskaiti ya karibu nm 500. Kwa seziamu ya asilimia 10, hesabu ya uzito na msongamano (6.16 kwa PbI2, 4.51 kwa CsI) inatoa nm 19 za CsI kwa kila nm 250 za PbI2, yaani uwiano wa 0.077.

Pima gramu 0.8 za PbI2 kwenye kikombe cha alumina. Kwa umbali wa sm 25, karibu gramu 0.3 zitatumika kwa nm 250. Zilizobaki huzuia kikombe kisiishe katikati. CsI gramu 0.2 kwenye kikombe kingine.

Kabla ya kazi halisi, pima kipimo chako. Vukiza PbI2 peke yake hadi kristali isome nm 300 kwenye kioo chenye ukanda wa tepu, bandua tepu, na upime ngazi iliyobaki kwa kipima-uso (profilomita). Kama chuo chako hakina, omba kingine chenye maabara ya fizikia ya vitu. Gawa unene halisi kwa ule uliosomwa, zidisha kipengele cha mashine (namba inayosahihisha usomaji wa kristali, "tooling factor") kwa jibu hilo. Fanya vivyo hivyo kwa CsI. Kuruka kazi hii ndicho chanzo cha matokeo mengi yasiyoeleweka.

Vuta ombwe hadi chini ya 1×10⁻⁵ mbar. Pandisha joto la PbI2 taratibu hadi nyuzi 180 hivi, shata zikiwa zimefungwa, na ukae hapo dakika 20. Unga una maji na hewa ndani yake. Ukiuharakisha hutema punje, na kila punje itakayotua kwenye kioo ni tundu la kesho. Endelea hadi kasi itulie kwenye nm 0.2 kwa sekunde. PbI2 itakuwa kati ya nyuzi 280 na 320, CsI itahitaji zaidi ya 450, lakini fuata kristali kuliko kipimajoto, maana kila kikombe hugusa waya wake kwa namna yake. CsI iwe kwenye nm 0.015 kwa sekunde. Fungua shata zote kwa pamoja, zungusha kishikio kama mara kumi kwa dakika, vioo vibaki bila kupashwa joto. Dakika 21 zinatosha.

Usijaribu kuokoa muda kwa kuongeza moto. PbI2 ikipashwa kupita kiasi hupoteza iodini: geji ya shinikizo inaruka na utando unatoka na rangi ya kijivu badala ya manjano angavu.

Kama mashine yako ina kidhibiti kimoja tu, weka nm 19 za CsI kwanza, halafu PbI2 juu yake. Joto la hatua inayofuata litasaidia kuchanganya, japo usawa wake ni hafifu kuliko wa kuvukiza pamoja.

Hatua ya tatu: kugeuza kuwa perovskaiti

Hapa ndipo seli nzuri na mbaya zinapotengana, nasi tutakaa kidogo.

Utando wa nm 250 wa PbI2 unahitaji takriban maikrogramu 57 za FAI kwa kila sentimita ya mraba. Vioo kumi vinahitaji chini ya mg 4. Hata hivyo tunaweka gramu 0.4 kwenye boti ya kauri, kwa kuwa kinachotakiwa ni mvuke usiokatika kwa muda wote. Sehemu kubwa itaishia mtegoni.

Weka boti kwenye kanda ya kwanza, upande nitrojeni inapoingilia, na vioo vikiwa vimesimama kwenye kanda ya pili. Vuta hadi chini ya 0.1 mbar, jaza nitrojeni, rudia mara tatu, kisha ruhusu nitrojeni kidogo ipite ili shinikizo litulie karibu mbar 1.

Pasha kanda ya vioo kwanza. Ifikishe nyuzi 160, subiri dakika 10, ndipo upandishe boti hadi 180 au 185. Mpangilio huu haubadiliki: kioo kikiwa baridi wakati mvuke unafika, FAI hutanda juu yake kama ukungu mweupe badala ya kuingia ndani.

Rangi itabadilika kutoka manjano hadi kahawia, kisha nyeusi. Weusi wa juu hauna maana kwamba chini kumeiva. Anza na dakika 40, halafu kwenye majaribio yako weka kioo kimoja dakika 30 na kingine 50. Geuza kioo na ukiangalie kwa nyuma: manjano ikionekana kupitia ITO, muda hautoshi.

Wakati wa kumaliza, boti ndiyo inayopoa kwanza. Fungua kanda yake au usogeze tanuri, funga nitrojeni, na acha vioo kwenye 160 dakika 10 zaidi pampu ikivuta ili FAI ya ziada iondoke. Kisha vipoe hadi chini ya nyuzi 45 ndani ya nitrojeni. Vihamishe kwenye chombo kikavu kilichofungwa, moja kwa moja hadi sanduku la glavu.

Kwingineko utasikia wakipasha utando huu kwenye hewa ya kawaida ili chembe zikue. Hewa wanayoisema ina unyevu wa asilimia 30 au 40. Usiwaige hapa.

Hatua ya nne: tabaka za juu

Rudisha vioo kwenye mashine ya kuvukiza, kuta zikiwa zimefunikwa kwa karatasi mpya ya alumini. C60: mg 50 kwenye kikombe, kasi ya nm 0.02 hadi 0.03 kwa sekunde, nm 25. BCP: nm 7, na usizidishe, kwa sababu ni tabaka linalozuia umeme likinenepa. Kisha maski na fedha, gramu 0.4 kwenye boti ya tungsteni, shinikizo chini ya 5×10⁻⁶ mbar. Nm 10 za kwanza ziende kwa 0.02 kwa sekunde, halafu ongeza polepole hadi 0.1. Kama maski inabadilishwa kwa mkono, hakikisha mlango unafunguliwa ndani ya nitrojeni.

Kinachokwenda kombo

Manjano inayobaki chini ina sababu tatu: PbI2 nene kuliko ulivyodhani, FAI iliyolowa maji, au boti isiyofika joto lake. Kagua kwa mpangilio huo. Kama kuna mashine ya miale ya X yenye chanzo cha shaba, mstari wa pembe (2θ) ya nyuzi 12.7 ni PbI2 iliyobaki, wa karibu 14.0 ni perovskaiti, na wa 11.8 ni fomamidini iliyorudi kuwa ya manjano. Kiasi kidogo sana cha PbI2 hakina madhara ya haraka. Mstari wake ukifikia nusu ya ule wa perovskaiti, tupa.

Utando mweusi unaogeuka manjano kesho yake umepata unyevu au umekosa seziamu. Pima upya kipengele cha CsI kabla ya kulaumu sanduku la glavu. Utando wenye weupe juu una FAI iliyoganda wakati wa kupoa. Utando unaobambuka kingoni umevimba kwa kasi juu ya kioo kichafu.

Kristali ikianza kusoma namba zinazorukaruka au hasi, ibadilishe bila mjadala. Iodidi huimaliza upesi kuliko metali.

Seli yenye volti ndogo huku mkondo ukiwa mzuri mara nyingi ina njia za mkato za umeme (shoti): punje, vumbi, au fedha iliyogusa ITO ukingoni. Mchoro wa mkondo dhidi ya volti ukijipinda kama herufi S, tazama BCP kwanza.

Kupima

Tumia taa ya kuigiza jua ya W 1000 kwa mita ya mraba, iliyosawazishwa kwa seli ya silikoni ya marejeo, na maski yenye tundu la eneo linalojulikana. Jua la Mombasa halifai kwa namba za kuripoti. Wingu moja jembamba hubadilisha jibu. Pima volti kwenda na kurudi, kasi ya mV 50 hadi 100 kwa sekunde. Namba mbili zikitofautiana sana, iache seli kwenye nguvu yake ya juu dakika tano na uripoti inapotulia.

Seli nzuri ya kuanzia ina volti 1.0 hadi 1.05, milliampea 21 hadi 23 kwa sentimita ya mraba, na kipengele cha ujazo ("fill factor", namba inayozidishwa na volti na mkondo kupata nguvu ya juu) cha 0.70 au zaidi, yaani ufanisi wa asilimia 15 au 16. Ukipata 10 mara ya kwanza, mashine yako ina afya. Kilichobaki ni kurekebisha unene na muda.

Kufunga na kutupa

Seli isitoke kwenye nitrojeni bila kufungwa. Weka kioo cha pili juu, ukanda wa mpira wa butili wenye upana wa mm 5 hadi 10 pembeni pote, ubane kwa joto la nyuzi 90 hivi kwa muda mfupi. Gundi peke yake haitoshi kwa hewa ya chumvi. Nyaya zinazotoka zipite ndani ya butili, na mapengo madogo ya pembeni ndiyo ya kuangaliwa kwa kioo cha kukuza.

Risasi haina huruma, na PbI2 huyeyuka kidogo kwenye maji. Unapokwangua chemba vaa glavu za nitrili, barakoa ya P3 na koti linalobaki maabara. Futa kwa kitambaa kilicholowa, usipulize wala kufagia. Karatasi za alumini, glavu, vioo vibovu, mafuta ya pampu na maji ya kuoshea bomba viingie kwenye ndoo yenye kifuniko na lebo, na vichukuliwe na msafirishaji wa taka hatari mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Hakuna tone linaloingia sinki, maana mifereji mingi ya kisiwani huishia Tudor au Kilindini.